Serini: kutoka hariri hadi sumu

Wadau, jana usiku nilikuwa nasoma habari za sarini, ile sumu iliyoachiliwa kwenye treni za chini ya ardhi Tokyo mwaka 1995. Kumbe inaua kwa kung'ang'ania kitu kidogo mno: serini, asidi amino ambayo Emil Cramer aliipata kwenye hariri mwaka 1865. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini la hariri. Nilidhani majina haya mawili yana undugu, wapi! Sarini imeitwa kwa herufi za majina ya Wajerumani walioigundua mwaka 1938 wakitafuta dawa ya wadudu.

Mwilini kuna kimeng'enya kinachotumia serini kuvunja asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ikaze. Serini hiyo ikibanwa, misuli hailegei, na pumzi inakata.