Kura ya siri

Kura ya siri ni utaratibu wa uchaguzi unaomwezesha mpiga kura kuchagua bila mtu mwingine kujua amempa nani kura yake. Mfumo wa karatasi zinazochapishwa na serikali na kuwekwa alama faraghani ulianza mwaka 1856 katika makoloni ya Victoria na Australia Kusini. Uingereza iliufuata mwaka 1872.

Umuhimu wake huonekana zaidi pale ulipoondolewa. Februari 1988, chama pekee nchini Kenya, KANU, kiliteua wagombea wa ubunge kwa mlolongo. Wanachama walijipanga hadharani nyuma ya mgombea, au wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa. Aliyezidi asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata. Watetezi wa mlolongo walidai hauibiki, kwa kuwa kila mtu anaona. Ni kweli kila mtu aliona, ila chifu naye alikuwa anaona, na mwajiri, na mwenye duka anayekukopesha unga. Askofu Alexander Muge na viongozi wengine wa makanisa walikuwa wameupinga tangu 1986. Mchungaji angesimamaje nyuma ya muumini mmoja huku mpinzani wake, naye muumini, akimtazama?

Hata wizi haukukoma. Mahali pengine wenye milolongo mifupi walitangazwa washindi, na watu walipotawanyika hapakubaki cha kuhesabu upya. Karatasi isiyo na jina humficha mtu lakini huihifadhi kura yake. Mlolongo ulimwanika mtu, kura ikapotea. KANU iliuacha Desemba 1990, na Katiba ya 2010, ibara ya 81, inataka uchaguzi uwe wa kura ya siri. Uganda, hata hivyo, ilichagua viongozi wa vijiji kwa kupanga foleni mwaka 2018.

Siri ya kura haimtoshi mpiga kura ikiwa ni hiari yake. Anayeruhusiwa kuonyesha kura yake anaweza pia kulazimishwa kuionyesha, na mnunuzi wa kura atapata ushahidi wa alicholipia. Ndiyo maana nchi nyingi hukataza kupiga picha karatasi iliyokwisha kujazwa. Asiyeona huwa katika hali ngumu zaidi, kwani akiingia na msaidizi, siri inakuwa ya watu wawili. Katika uchaguzi wa 2015, Tanzania ilitumia kifaa cha nukta nundu kinachovikwa karatasi ya kura, ili anayesoma kwa vidole aweke alama mwenyewe.