Ukuta wa Wengi: La Luz de Jesus na maonyesho ya pamoja ya Los Angeles

Historia ya sanaa ya uchochoroni ya Los Angeles, ambayo Wamarekani waliizoea kwa jina la lowbrow, yaani ya hadhi ya chini, husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni maisha ya mtu mmoja. Robert Williams, aliyezaliwa mwaka 1943, anaajiriwa na Ed Roth, fundi wa kuunda upya magari na mbunifu wa panya wa katuni mwenye macho mekundu aitwaye Rat Fink. Kisha anajiunga na wachora katuni wa Zap Comix. Mwaka 1979 Gilbert Shelton wa Rip Off Press anaamua kutoa kitabu cha picha zake, naye Williams anakiita The Lowbrow Art of Robt. Williams, akijishusha makusudi kwa kuwa hakuna taasisi ya sanaa iliyokuwa tayari kumtambua. Simulizi hilo ni la kweli, ila halitoshi. Kipaji na kinyongo cha mchoraji mmoja haviwezi kuzaa mkondo mzima wa sanaa. Naamini mkondo huu ulizaliwa na maonyesho ya pamoja, yaani kazi za watu wengi wasiofanana, zilizotundikwa ukuta mmoja katika nyumba za sanaa zilizojitegemea, bila makumbusho wala chuo nyuma yake.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni La Luz de Jesus, iliyofunguliwa na Billy Shire mwaka 1986 kwenye barabara ya Melrose. Shire hakutoka katika chuo cha historia ya sanaa. Alikuwa fundi wa ngozi, na miaka ya 1970 alijipatia sifa kwa koti la denimu alilolijaza vifungo na njumu za chuma. Familia yake ilikuwa na duka, Soap Plant, lililofunguliwa mwaka 1971, ambalo lilianza na sabuni na baadaye likajaa vitabu, vinyago na vikorokoro vya kila aina. Nyumba ya sanaa iliwekwa juu ya duka hilo, na ilipohamia Hollywood Boulevard miaka ya 1990, mtu alifika kwenye picha baada ya kupita katikati ya rafu za kadi, midoli na stika. Mpangilio huo una maana kubwa kwa hoja yangu. Aliyeingia kununua kitabu cha tatuu alijikuta mbele ya picha ya rangi ya mafuta bila kuulizwa amesoma wapi. Nao waliotundika humo walitoka katika kazi ambazo vyuo havikuzihesabu: wachora mabango ya bendi za panki, wapaka rangi wa magari, wachora katuni, wachora tatuu, wachoraji wa majalada ya santuri. Ufunguzi wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliwakutanisha wote hao. Kila mwaka kukawa pia na Laluzapalooza, maonyesho makubwa ambayo mchoraji yeyote anaweza kuomba nafasi, jopo likachagua, wala hakuna mada inayombana. Humo asiye na jina hutundikwa karibu na mwenye jina.

Miongo kadhaa kabla ya La Luz de Jesus, wasurealisti wa Paris walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi ukuta wa pamoja unavyoweza kufanya kazi ya hoja. Maonyesho yao ya kwanza ya pamoja ya uchoraji, katika Galerie Pierre mnamo Novemba 1925, yaliwaweka Miró, Ernst, Klee, Man Ray na Picasso chini ya dari moja, ingawa si wote waliokuwa wafuasi wa kundi. Katika maonyesho ya vitu kwenye nyumba ya sanaa ya Charles Ratton, Mei 1936, kikombe cha Meret Oppenheim kilichovikwa manyoya kilikaa jirani na vielelezo vya hisabati, vinyago vya Oceania na vitu vya kuokota; ujirani huo ulitangaza kwamba thamani ya kitu haitokani na cheo cha aliyekitengeneza. Na Januari 1938, katika Galerie Beaux-Arts, Marcel Duchamp alining'iniza darini magunia ya makaa yapatayo 1,200, ukumbi ukaachwa gizani, wageni wakapewa tochi ili wamulike picha wenyewe. Kumbukumbu ya onyesho lile ni ya ukumbi mzima, si ya fremu moja. Lakini kundi la Paris lilikuwa na ilani, na lilikuwa na kiongozi, André Breton, ambaye alikaribisha na kufukuza. Los Angeles haikuwa na ilani wala Breton. Kilichowaunganisha wachoraji wake ni ufundi wa mkono, kumbukumbu za katuni na televisheni za utotoni, na kufungiwa mlango kwingineko. Kwa hiyo ukuta ulilazimika kufanya kazi ambayo huko Paris ilifanywa na maandishi.

Wapo watakaosema kwamba heshima ya sanaa hii ililetwa na makumbusho na magazeti. Mwaka 1992 Paul Schimmel aliandaa maonyesho ya Helter Skelter katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya Los Angeles, akamweka Williams kati ya wasanii 16. Mwaka uliofuata Laguna Art Museum ikaonyesha Kustom Kulture, iliyowahusu Von Dutch, mpaka rangi wa magari, pamoja na Roth na Williams. Mwaka 1994 Williams na wenzake wakaanzisha gazeti la Juxtapoz huko San Francisco. Hayo yote yalikuwa na uzito. Lakini tazama mfuatano wa miaka. La Luz de Jesus ilikuwa na umri wa miaka sita Helter Skelter ilipofunguliwa, na mwingine kati ya wale 16, Manuel Ocampo mzaliwa wa Ufilipino, alikuwa amekwisha kuonyesha kazi zake kwa Shire. Makumbusho yalichuma katika shamba lililokwisha kulimwa. Juxtapoz nayo ilijengwa kwa mfano wa ukuta uleule: ukurasa huu mchora katuni, unaofuata mpaka rangi wa magari, kisha mchora mabango. Lilikuwa onyesho la pamoja lililochapwa, likawafikia watu wasioweza kusafiri kwenda California.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Picha nyingi za mkondo huu zilijaa ukatili na wanawake waliochorwa kama pambo au windo. Mfano mashuhuri ni Appetite for Destruction, picha ya Williams inayoonyesha mwanamke aliyeanguka kando ya roboti aliyemdhulumu, huku zimwi la chuma likiruka kuja kulipiza. Bendi ya Guns N' Roses iliitumia kama jalada la albamu yake mwaka 1987, maduka yakaikataa, ikahamishiwa ndani ya albamu. Sioni sababu ya kuitetea kwa kusema mlipizaji yupo pichani. Mwanamke yule bado hana nafsi. Ninachosema ni kwamba tiba ilitoka ndani ya maonyesho ya pamoja yenyewe. Wasanii wanawake kama Camille Rose Garcia na Elizabeth McGrath waliingia katika kuta hizo wakiwa na wanasesere, wanyama na hadithi za kitoto zilizogeuka kuwa majinamizi, na mtazamaji akawa na cha kulinganisha. Huko Seattle, Kirsten Anderson alifungua nyumba ya sanaa ya Roq la Rue mwaka 1998, na mwaka 2004 akahariri kitabu Pop Surrealism, ambacho kwa watazamaji wengi kiliupa mkondo sura yake. Mlango usio na mlinzi wa itikadi huwapitisha pia wale wasiokubaliana na waliotangulia.

Kuhusu madai kwamba wingi hushusha kiwango na kwamba duka ni duka tu, jibu ni fupi: picha mbovu hutundikwa kwenye makumbusho pia, na maonyesho ya mchoraji mmoja hayajawahi kukataa fedha. Hatari ya kweli ilikuja pamoja na mafanikio. Mark Ryden, aliyechora jalada la albamu ya Dangerous ya Michael Jackson, alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake, The Meat Show, huko Pasadena mwaka 1998, na bei za kazi zake zikapanda kwa kasi. Mwaka 2005 Jonathan LeVine alifungua nyumba yake ya sanaa mtaa wa Chelsea, New York, kitovu cha biashara ya sanaa. Wachoraji wakaanza kutazamwa kama majina ya kuwekezwa, na baadhi ya maonyesho ya pamoja yakawa kipimajoto cha bei: kazi ndogo ya kila mwenye jina, ya kumwonjesha mnunuzi kabla ya onyesho kubwa. Ujirani ukabaki, ubishi kati ya jirani na jirani ukapungua. Hilo nalihesabu kuwa hasara halisi.

Mwaka 2010 maonyesho ya Whitney Biennial ya New York yalimchagua Williams, na magazeti mengi ya mkondo huu yaliona ushindi hapo. Mimi naupa uzito zaidi mwaka 2008, Laguna Art Museum ilipotaka kueleza mchango wa Juxtapoz na kuandaa In the Land of Retinal Delights: haikumtafuta shujaa mmoja, ilikusanya kazi za wasanii wapatao 150.