Nyama Jichoni: Si Kila Uvimbe Ni wa Kusubiri

Wakulima, wavuvi na waendesha bodaboda wa Afrika Mashariki, ambao kazi zao huwaweka juani na vumbini, huota nyama juu ya weupe wa jicho mara kwa mara. Aghalabu nyama hiyo ni pterigiamu: utando wenye umbo la bawa, unaoanzia upande wa pua na kutambaa kwa miaka kuelekea konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Hauui, wala hauhitaji upasuaji hadi uanze kuathiri uoni au kumsumbua mgonjwa.

Tatizo ni kwamba saratani ya utando wa jicho huweza kuanza kwa sura hiyo hiyo. Mwaka 1995, daktari Christopher Ateenyi-Agaba wa Uganda alichapisha matokeo yaliyoihusisha saratani hiyo na maambukizi ya VVU mjini Kampala. Miale ya jua nayo huichochea. Uvimbe unaokua ndani ya wiki au miezi michache, wenye magamba meupe juu yake, rangi ya kahawia au mishipa minene inayoulisha, unastahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, macho ya daktari peke yake hayatoshi. Nyama iliyokatwa ipelekwe maabara, isitupwe. Mgonjwa naye apimwe VVU. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba matone ya dawa ya fluorourasili baada ya upasuaji yalipunguza kurejea kwa uvimbe ndani ya mwaka mmoja, kutoka asilimia 36 hadi 11.

Kidonda cha konea ni jambo jingine kabisa, nacho hakingoji miezi. Jicho huuma, huwa jekundu, hutoa machozi na kuogopa mwanga. Doa jeupe au la kijivu huonekana juu ya sehemu nyeusi. Mara nyingi chanzo ni mkwaruzo mdogo tu, kama wa jani la muhindi. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za majani huongeza vijidudu, na matone yenye steroidi yanayonunuliwa dukani bila kipimo hufifisha wekundu huku kuvu ikiendelea kula konea.

Kwa mtoto, hasa aliyetoka kuugua surua au mwenye utapiamlo, weupe wa jicho uliokauka na wenye mabaka kama povu huashiria upungufu wa vitamini A. Konea yake inaweza kuyeyuka katika muda wa siku chache.