Nyumba ya Tippu Tip ina wapangaji

Kwetu Mgololo nyumba ni tofali la kuchoma. Unafyatua, unapanga tanuru, unatia magogo, unasubiri. Ukitaka chumba kipana unajenga kipana, mbao zipo. Kwa hiyo nilipofika Shangani, Unguja, mbele ya nyumba ya Tippu Tip, kilichonishangaza si mlango wa nakshi wala ngazi za marumaru nyeusi na nyeupe. Ni kuambiwa kwamba vyumba vya majumba yale ni vyembamba. Tajiri mkubwa vile, chumba kama korido?

Sababu ni boriti. Dari za Mji Mkongwe zimebebwa na miti ya mikoko, na boriti haivuki sana mita tatu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kwelikweli. Pembe za ndovu na watumwa vilimpa fedha, ila urefu wa boriti haukununulika.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndilo jina lake, alifariki Unguja mwaka 1905. Alituachia tawasifu, miongoni mwa za kwanza kabisa kwa Kiswahili. Wengi waliombebea mizigo wanapita humo bila majina. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitwaa majumba mengi ya mjini na kuweka humo familia, nyingi kutoka mashamba na Pemba. Hii nayo ikagawanywa. Kusema kweli, hapo naona haki fulani.

Tatizo la majumba haya huanzia juu. Mkigawana vyumba, paa linabaki halina mwenyewe. Kila familia inataka jiko na choo, basi maji yanapandishwa ghorofani. Yakivuja, kichwa cha boriti kilicholala ndani ya ukuta ndicho huoza kwanza, na hukioni. Kisha anakuja fundi na saruji! Ukuta wa chokaa unapumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani na plasta inabanduka.

Tangu UNESCO iuorodheshe Mji Mkongwe mwaka 2000, ukitaja nyumba ya namna hii utasikia makumbusho, au hoteli. Na wapangaji je? Mimi ningeanza na paa, kabla ya kibao chochote cha historia: chokaa, boriti mpya, na watu wakiwa wamo ndani.