Mbabula na Udongo: Historia Fupi ya Kudumisha Moto Nyumbani

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Gitega au Muyinga ana bahati moja: akifika kwenye somo la moto hana haja ya mkalimani. Sisi twasema jiko, Mrundi husema iziko. Twasema makaa, naye husema amakara. Mafiga yetu ni amashiga yake. Na jioni ya baridi sisi twaota moto, naye husema kwota umuriro. Maneno haya hayakuazimwa jana sokoni. Ni ya ukoo mmoja, nayo yashuhudia kwamba meko ni kitu kikongwe katika maisha ya watu wetu.

Hata hivyo liko jina jingine lililoenea mijini pamoja na chombo chake, nalo ni mbabula, ambayo kwa Kirundi huitwa imbabura. Hilo ndilo jiko la bati la kuchomea makaa. Kiswahili kina kitenzi kubabua, yaani kuunguza ngozi kwa moto, na kitenzi hicho chaifaa sana mbabula. Anayeigusa ubavuni huungua, na joto hilo linalomwunguza ni joto lililokusudiwa chungu. Ugomvi wa mwanadamu na ubavu huo wa bati ndio historia ninayotaka kuieleza hapa.

Msomaji wa pwani hana budi kukumbuka kwamba Gitega na Muyinga ni miji ya milimani, yenye kimo cha kiasi cha mita 1,500 au zaidi juu ya bahari. Usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, baridi huingia mpaka mifupani. Mama wa Mombasa akimaliza kupika hufurahi moto ukizimika. Mama wa Muyinga hutamani udumu. Kwa hiyo jiko huku lina kazi mbili, kupika na kutia nyumba joto, na swali la siku zote limekuwa hili: makaa machache yatawezaje kukaa muda mrefu?

Wazee walikuwa na jibu lao. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga matatu hayakuinjika chungu tu, bali yalihifadhi joto. Mawe na sakafu ya udongo vilikunywa moto mchana kutwa, kisha vikautoa polepole usiku. Wakati wa kulala kaa zito lilifukiwa majivuni. Majivu yalipunguza hewa, na alfajiri mtu alifukua, akapuliza, moto ukaamka. Hasara ya mafiga ilikuwa ulaji wa kuni nyingi, na moshi ulioumiza macho na vifua.

Mji ulipoanza kukua, mambo yalibadilika. Wajerumani walianzisha kituo chao Gitega mwaka 1912, na baada yao utawala wa Wabelgiji ukaleta ofisi, shule na nyumba za kupanga. Katika chumba cha mjini hapakuwa na nafasi ya mafiga wala ghala ya kuni. Makaa ndiyo yaliyofaa, kwa kuwa ni mepesi kubebwa na hayana moshi mwingi. Jiko lake la bati husemekana kuwa liliingia Afrika ya Mashariki pamoja na mafundi wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901. Mafundi wetu walijifunza upesi kulikata katika madebe na mapipa makuukuu.

Lakini bati ni jembamba. Halihifadhi joto, hulitupa pande zote. Tena matundu yake huingiza hewa bila kipimo, hata makaa yakaisha kabla maharagwe hayajaiva. Na makaa yenyewe ni ghali kuliko yaonekanavyo, kwa maana katika tanuri ya kienyeji ya udongo kilo moja ya makaa huweza kula kilo sita hadi kumi za kuni. Hivyo kila kiganja cha makaa kinachopotea ubavuni mwa mbabula kimepotezwa mara nyingi zaidi kule kilimani.

Baada ya bei ya mafuta kupanda duniani mwaka 1973, serikali nyingi ziliamka kutazama miti yao. Burundi ilijaribu njia ya pekee. Mwaka 1977 iliunda shirika la ONATOUR ili kuchimba ule udongo mweusi wa mabondeni, uliofanyika kwa mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, ambao Wafaransa huuita tourbe. Ukikaushwa huwaka. Kambi za jeshi na magereza yaliutumia, ila jikoni haukupendwa sana, kwa sababu ya moshi, harufu na wingi wa majivu. Hapo pana funzo: si kila kiwakacho kitaingia katika jiko lililopo. Kubadili nishati kwahitaji kubadili jiko pia.

Badiliko kubwa la jiko lilitoka Nairobi, ambako mwaka 1981 ulifanyika mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya. Katika miaka hiyo wataalamu wa Kenya walichunguza jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake. Jiko hilo lilikuwa zito, tena lilipasuka upesi. Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na mafundi wa jua kali, walilipa umbo lenye kiuno chembamba, juu na chini pana, na chungu cha udongo kikawekwa nusu ya juu tu. Chini ya makaa pana matundu ya kupitishia hewa na majivu, na chini kabisa kilango cha kufungua na kufunga. Akina mama waliweza kusonga ugali bila jiko kupinduka, na makaa yakapungua kwa kiasi cha thuluthi moja hadi nusu.

Fikra hiyo ilivuka mipaka: Tanzania iliipokea kwa jina la jiko bora, na Rwanda kwa jina la rondereza, litokalo katika kitenzi kurondereza, yaani kutumia kwa uangalifu, ambacho Mrundi hukielewa mara moja. Lakini tuangalie kiini chake. Kilichoponya bati ni udongo, na udongo ni elimu ya wafinyanzi, ambao katika Burundi kwa vizazi vingi walikuwa hasa Batwa, watu waliodharauliwa na majirani waliokula katika vyungu vyao. Maarifa yaliyohesabiwa kuwa ya kale ndiyo yaliyolitengeneza jiko la kisasa.

Sasa nasema neno zito. Kudumisha joto na kuunyima moto pumzi ni mambo mawili tofauti. Udongo huhifadhi joto lililokwisha kuzaliwa. Kilango kilichofungwa hupunguza hewa, na makaa yawakayo kwa hewa haba hutoa kwa wingi zaidi gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Nyumba ya mababu ilipumua kupitia nyasi za paa lake. Chumba cha matofali chenye bati juu na dirisha lililozibwa hakipumui. Aingizaye mbabula humo apate kulala kwa joto, hata iwe ya udongo, aweza asiamke, yeye na watoto wake. Makaa yatolewe nje kabla ya kulala. Chungu cha jiko kilichokwisha kumwagwa makaa hubaki na joto kwa muda, na maji ya moto katika chupa iliyofungwa vema hupasha kitanda bila kumdhuru mtu.

Walimu wenzangu, neno rondereza na neno kubabua yaandikwe ubaoni siku moja, mwanafunzi aulizwe tofauti yake. Tena asiondoke darasani kabla hajajua kwamba moto mdogo uliofungiwa chumbani huua kimya kimya.