Walimu Tarajali, Kiingereza cha Masomo na Chemshabongo za Mtandaoni: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Mkoa wa Kigoma

Insha hii inachunguza namna ya kufasiri maoni ya walimu tarajali kuhusu michezo ya chemshabongo mtandaoni katika kujifunza Kiingereza cha taaluma mahususi, yaani Kiingereza cha kufundishia Baiolojia, Hisabati au Jiografia. Hoja kuu ni kwamba, katika mkoa wa Kigoma, maoni hayo hayapaswi kusomwa kama kipimo cha furaha ya mchezo pekee. Yanapaswa kusomwa sambamba na historia ya lugha ambayo mwalimu huyo amerithi.

Wakazi wengi wa mkoa huu huanza na Kiha nyumbani. Kiswahili kilienea Ujiji katika karne ya 19 kupitia misafara ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa, kisha utawala wa Kijerumani ukakitumia katika ofisi na shule. Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Kigoma mwaka 1916, na eneo hilo likakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Kwa hiyo, Kiingereza kilifika kwa kuchelewa, kikiwa lugha ya madaraka na ya elimu ya juu. Kwa wanafunzi wengi kilikuwa lugha ya tatu, na hakikuwa na nafasi sokoni wala ziwani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma, huku Kiingereza kikibaki katika sekondari. Mpaka huo ulizaa tatizo ambalo halikukawia kuonekana. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano ili kuwasaidia wanafunzi kumudu Kiingereza cha kitaaluma. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari. Serikali haikutekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia masomo mengine, lakini wakashauri kiimarishwe badala ya kuachwa. Mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza uliofuata, kwa msaada wa Uingereza, ulitilia mkazo vitabu vya ziada vya kusoma. Zana ilibadilishwa, mpaka wa lugha ukabaki palepale.

Chemshabongo za mtandaoni ni zana nyingine katika mfululizo huo. Kuanzia mwaka 2005, kwa ufadhili wa Sweden, vyuo vya ualimu vya Serikali viliingizwa katika mpango wa kompyuta. Kahoot, mchezo uliotoka Norway, ulizinduliwa mwaka 2013. Katika mapitio ya tafiti 93 yaliyochapishwa mwaka 2020, Alf Inge Wang na Rabail Tahir walionesha kwamba mchezo huo kwa jumla huongeza ufaulu na ushiriki na hupunguza hofu darasani. Ikumbukwe kwamba Wang ni miongoni mwa waasisi wake. Hata hivyo, wanafunzi katika tafiti hizo walilalamikia intaneti isiyoaminika, muda mfupi wa kujibu, hofu ya kushindwa na kutoweza kubadili jibu.

Malalamiko hayo yana uzito wa pekee kwa Kigoma. Intaneti ikikatika, somo lililotegemea mchezo husimama. Shinikizo la muda nalo humwelemea zaidi anayesoma swali katika lugha yake ya tatu, kwa kuwa alama zake hupima kasi ya kusoma pamoja na ujuzi wa istilahi.

Tatizo la msingi zaidi linahusu aina ya maarifa yanayopimwa. Mtoto wa Ujiji anafahamu kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwalimu wa Baiolojia anapaswa kumweleza kwa Kiingereza jinsi mwanga unavyovuta viumbe wadogo na samaki wanaowafuata. Chemshabongo inaweza kumzoeza mwalimu tarajali kutambua istilahi sahihi kati ya nne; haimzoezi kuunganisha istilahi hizo katika maelezo, wala kujibu swali ambalo hakulitarajia. Pengo hilo hujitokeza kidato cha kwanza, mwalimu anaposoma fasili ubaoni na darasa zima likanyamaza.

Kwa msingi huo, mtafiti atakayewahoji walimu tarajali katika vyuo vya Kasulu na Kabanga hapaswi kuishia kuuliza kama mchezo uliwapendeza. Swali lenye tija zaidi ni kama, baada ya mchezo, wanaweza kufafanua dhana ileile kwa sentensi zao wenyewe mbele ya wanafunzi. Chemshabongo inafaa kuwa mazoezi ya kuingilia katika mafafanuzi hayo. Ikichukuliwa kuwa mbadala wake, itarudia historia ya zana zilizotangulia: kuongeza maneno bila kumpa mwalimu lugha ya kufundishia.