Taa ya Three Mile Island na swichi ya kijani

Leo sina programu ya kuwaonyesha, nina historia.

Ukitaka opereta awashe pampu kutoka kwenye skrini, utampa nini cha kubonyeza? Jibu la haraka ni swichi kama zile za simu: ukiigusa inageuka kijani, ukiigusa tena inarudi kijivu. Inapendeza na haili nafasi. Mimi siiamini, na sababu yangu ilitokea kabla sijazaliwa.

Tarehe 28 Machi 1979, mwendo wa saa kumi alfajiri, pampu za maji zilisimama katika kinu namba 2 cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Presha ikapanda, vali ya kupunguza presha ikafunguka yenyewe, kinu kikajizima. Hadi hapo mambo yalikwenda kama yalivyopangwa. Baada ya sekunde chache presha ilishuka na vali ikapewa amri ya kujifunga. Haikujifunga. Ilikwama wazi, na maji ya kupoza kinu yakawa yanatokea hapo.

Kwenye chumba cha udhibiti, taa ya vali ile ilizimika. Wewe ungeelewa nini? Vali imefungwa. Kumbe taa haikuunganishwa na vali yenyewe bali na umeme wa kuifungua. Umeme ukikatwa taa inazimika, vali iwe imefungwa au la. Yaani taa ilisema kilichoamriwa, si kilichotendeka. Cha kuudhi zaidi, taa hiyo ilikuwa imeongezwa baada ya hitilafu iliyoihusu vali hiyo hiyo mwaka wa 1978, eti kuwasaidia waendeshaji! Nafikiri bila taa wangeitilia shaka vali mapema zaidi.

Dakika chache baadaye ving'ora zaidi ya 100 vilikuwa vimelia. Vipimo vya tangi lililopokea maji hayo vingewafichulia siri, lakini viliwekwa nyuma ya ubao mkuu wa udhibiti. Wakiamini kinu kina maji tele, waendeshaji walipunguza hata maji ya dharura. Zilipita zaidi ya saa mbili kabla njia ile haijazibwa kwa vali nyingine. Baadaye ilibainika kwamba karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Sasa itazame tena ile swichi ya kijani. Kwenye skrini nyingi hubadilika rangi mara tu inapoguswa, hata kabla ujumbe haujafika kwenye mashine. Ni taa ile ile, imepakwa rangi tu. Hata kuuliza mota kama inazunguka hakutoshi. Chukua feni ya kunyausha majani kwenye kiwanda cha chai: mkanda ukikatika, mota itaendelea kuzunguka huku majani hayapati hewa. Pima upepo wenyewe.

Kwa hiyo mimi hutenganisha vitu viwili. Kitufe cha kuamuru hakibadiliki rangi kwa kubonyezwa. Alama ya hali husubiri habari kutoka kwa kihisi kilichofungwa kwenye mashine. Katikati kuna hali ya tatu ambayo wengi huisahau: imeamriwa, bado haijathibitishwa. Ikikaa hapo muda mrefu kuliko kawaida ya mashine hiyo, skrini ipige kelele. Kitufe cha kusimamisha kwa dharura hakina nafasi kwenye skrini peke yake. Kiwe kitufe halisi, chekundu, cha kupigwa kwa kiganja.

Na msidhani skrini za kisasa zimetuponya. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore. Mabaharia 10 walifariki. Manowari hiyo iliendeshwa kwa skrini za kugusa. Wakati kazi ya mwendo ilipokuwa ikihamishiwa kituo cha pili, usukani nao ulihamia huko bila wao kutambua, na baharia wa usukani akaamini umeharibika. Meli ina rafadha mbili, yale mapanga yanayoisukuma majini. Walipopunguza mwendo, ya kushoto pekee ndiyo iliyopungua kasi, kwa sababu kwenye skrini mbili hizo hazikuwa zimeunganishwa. Meli ikazidi kupinda kushoto, moja kwa moja kwenye njia ya Alnic MC.

Mikono miwili ya chuma ingekuwa imeachana, hata mtu aliye gizani angeihisi kwa kiganja. Kioo ni tambarare tu. Mwaka wa 2019 Jeshi la Wanamaji la Marekani lilitangaza kwamba manowari za aina hiyo zitarudishiwa mikono ya kushika kwa ajili ya mwendo, badala ya kugusa skrini.